Mzee ana kifaa cha baruti cha kurusha kamba ziwani, serikali itamsaidiaje kukijaribu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Ukerewe, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 74, alikuwa fundi kwenye jineri ya pamba mpaka alipostaafu. Ametengeneza kifaa cha bomba kinachotumia baruti kurusha kamba mpaka kwenye boti iliyokwama, ili watu wavutwe. Alianza kuwaza hiki kitu baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere. Amekijaribu mwenyewe shambani mara kadhaa, na nimemrekodi video. Ameandika barua halmashauri, ameandika wizarani, hajibiwi, na kuna ofisi moja walimcheka. Nguvu zinaisha na anasema hataki kufa kabla serikali haijakijaribu. Tuanzie wapi, na serikali inaweza kutoa hela ya majaribio?"

Marahaba mdogo wangu, na mpe mzee shikamoo yangu.

Naanza na jambo ambalo hukuuliza maana ndo la haraka kuliko yote. Mzee aache kufyatua hicho kifaa. Aache leo, siyo baada ya kupata majibu ya barua. Mi nimefanya kazi ya ulipuaji migodini miaka mingi kabla ya kuanza kusaidia wabunifu, na kitu kilichoniogopesha kwenye ujumbe wako siyo kwamba serikali haijibu, ni hilo neno "mara kadhaa". Bomba lililohimili mara kadhaa halijakuthibitishia chochote. Chuma kinachoka kwa ndani bila kuonyesha dalili, ufa unaanza mdogo hauonekani kwa macho, siku hiyo unaweka kiasi kilekile cha siku zote na bomba linapasuka pembeni ya uso wa mtu. Na baruti nyeusi yenyewe haina tabia moja, ikipata unyevu inabadilika, chenga zikiwa kubwa au ndogo inabadilika, na huko kisiwani unyevu ni wa kudumu. Mzee akipoteza mkono au jicho kwenye umri huo hakuna ubunifu tena hapo, kuna kesi na msiba.

La pili, sheria. Tanzania kutengeneza baruti, kuimiliki, kuihifadhi au kuisafirisha bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, Sura ya 45, na vibali vya baruti saivi vinashughulikiwa na Tume ya Madini chini ya Wizara ya Madini, kwa sababu sehemu kubwa ya baruti ya nchi hii inatumika migodini na kwenye machimbo ya mawe. Alafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hiyo iko mikononi mwa polisi. Sasa fikiria askari kituoni. Anaona bomba la chuma, upande mmoja limezibwa, kuna sehemu ya kuwashia, na pembeni kuna kopo la unga mweusi. Yeye akilini mwake hiyo ni gobore. Kila mwaka polisi na watu wa wanyamapori wanakamata magobore yaliyotengenezwa kwa mabomba ya usukani wa magari, na waliokamatwa nayo karibu wote wana maelezo, huyu analinda shamba na ngedere, yule alirithi kwa babu. Maelezo ya mzee wako ni ya kweli kabisa lakini askari hawezi kuyatofautisha na hayo mengine kwa kuangalia tu.

Kwa hiyo kama kuna baruti ndani ya nyumba, usiibebe kwenye basi wala kwenye boti kuipeleka popote, usiimwage chooni, usiichome. Iacheni ilipo, watoto wasisogee, mtu asivute sigara wala kuwasha koroboi karibu, na mwende kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha wote kwa pamoja muende kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, mkatoe taarifa kwa hiari yenu kwamba mzee ni fundi, alitengeneza kifaa cha uokoaji, ana kiasi hiki na anataka kukisalimisha. Polisi huwa wanatangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kipindi hicho kipo pitieni humohumo. Kama hakipo, mtafute wakili kwanza hata wa msaada wa kisheria, aende na nyie. Mtu aliyekwenda mwenyewe hatazamwi kama mtu aliyevamiwa usiku.

Basi, tuje kwenye swali lako lenyewe.

Ofisi kumcheka mzee ni utovu wa adabu, sitetei. Ila kutojibiwa naelewa kwa nini, na nadhani ukielewa na wewe utaandika barua tofauti. Afisa akipokea barua inayosema "nina kifaa cha baruti naomba serikali inifadhili majaribio", mbele yake kuna hatari mbili. Akikubali na kifaa kikamlipua mtu, saini yake ndo itaonekana. Akikataa kwa maandishi na kesho boti ikazama, barua yake pia itaonekana. Kilicho salama kwake ni kuiweka barua kwenye faili na kukaa kimya. Na hii siyo tabia ya ofisi zetu peke yake wala haikuanza jana, kuna wazee wa Uingereza walipitia hayohayo kwa kifaa kilekile cha mzee wako, na ngoja nikueleze maana kisa chao kina mafunzo ya kazi kabisa.

Mwaka 1791 sajenti mmoja wa kikosi cha mizinga anaitwa John Bell alionyesha pale Woolwich kwamba meli iliyokwama inaweza kufyatua kombora lenye kamba mpaka nchi kavu. Ilifanya kazi. Chama cha kuhamasisha ufundi pale London kikampa zawadi ya gini 50 (gini ni hela ya Uingereza ya zamani, inazidi pauni kidogo), na jambo likaishia hapo, hakuna meli iliyowekewa. Miaka 16 baadaye, Februari 1807, meli ndogo ya kivita inaitwa Snipe ikakwama kwenye dhoruba karibu na Great Yarmouth, watu zaidi ya 60 wakafa mbele ya macho ya watu waliosimama ufukweni. Kati ya waliokuwa wanatazama ni Kapteni George Manby, msimamizi wa kambi ya jeshi ya pale. Huyu naye, kama mzee wako, alitoka pale na wazo moja: meli iko karibu hivi, kinachokosekana ni kamba tu.

Shida aliyokutana nayo Manby nataka mzee aisikie maana naamini keshakutana nayo. Kurusha chuma mbali kwa mzinga mdogo ilikuwa kazi rahisi, shida ikawa kwenye kuunga kamba na hicho chuma. Risasi inatoka kwa ghafla mno, kamba inakatika palepale mdomoni, au moto wa baruti unaiunguza. Alijaribu mnyororo, ukakatika. Mwisho kilichofaulu ni ngozi mbichi iliyosukwa, ikawekwa kati ya kombora na kamba, inavutika kidogo na haishiki moto kirahisi. Mwaka uleule 1807 akawaonyesha watu wa chama cha uokoaji cha Suffolk, hakuwaambia "niamini", aliwaita waje waone. Na Februari 1808 meli ya mizigo Elizabeth ikakwama umbali wa yadi 150 hivi, Manby akafyatua, kamba ikafika, watu 7 wakatolewa hai wote. Hapo sasa ndo milango ilianza kufunguka: mwaka 1810 karatasi za mpango wake zikachapishwa kwa amri ya Bunge, na kuanzia 1814 mizinga yake ikaanza kusambazwa kwenye vituo vya pwani.

Ona mpangilio wa matukio hapo. Serikali haikugharamia jaribio la kwanza. Lilifanyika mbele ya mashahidi wenye heshima yao, likafuata tukio la kweli, karatasi zikaenda Bungeni, hela ikaja mwisho. Na Manby alikuwa na bahati moja ambayo mzee wako hana: alikuwa mtu wa jeshi, mizinga na baruti kwake ni vitu vya ofisini, hakuna wa kumuuliza kibali.

Aliyefanana na mzee wako zaidi ni Henry Trengrouse wa Helston, huko Cornwall, fundi seremala wa samani. Desemba 1807 aliiona meli ya kivita Anson ikivunjika ufukweni pale Loe Bar, watu wengi wakafa wakiwa karibu kabisa na nchi kavu. Yeye akaja na roketi badala ya mzinga, na kiufundi mi naona alikuwa sahihi kuliko Manby. Roketi inaondoka polepole kisha inaongeza kasi, kwa hiyo haiikati kamba. Ni nyepesi, unaweza kuiweka ndani ya meli yenyewe, wakati mzinga wa Manby ulihitaji kuburutwa ufukweni kwenye dhoruba. Tena alifikiria upepo: meli inapokwama mara nyingi upepo unavuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo kurusha kutoka melini unaenda na upepo, kurusha kutoka ufukweni unapigana nao. Ni akili kubwa hiyo. Alitumia pauni 3,500 za mfukoni mwake, mali ya familia ikaisha. Mwaka 1818 akapata nafasi ya kuonyesha mbele ya maafisa wa jeshi la majini, wakaridhika, serikali ikaagiza seti 20. Alafu serikali ikaamua itengeneze yenyewe, ikampa pauni 50 za kumpoza. Chama kile cha London kikampa medali ya fedha na gini 30. Mfalme wa Urusi Alexander wa Kwanza akamtumia pete ya almasi, na baadaye shida zilipozidi ikabidi aiweke rehani. Alikufa Februari 1854, na Manby naye akafa Novemba mwaka huohuo, wote wawili mifuko mitupu. Roketi za kamba zilikuja kushinda kweli, ile ya Kanali Boxer ya mwaka 1865 ilitumika miaka mingi sana baada yao, ila faida haikwenda Helston.

Yuko na wa tatu, mchungaji wa Scotland Alexander Forsyth, yeye kifaa chake kilikuwa cha kuwashia bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, ili isitegemee jiwe la kutoa cheche ambalo likipata mvua halifanyi kazi. Huyu alipata kile ambacho mzee wako anakiota: mkuu wa idara ya silaha, Lord Moira, alimpa nafasi ya kufanyia kazi ndani ya Mnara wa London mwaka 1806. Vizuri kabisa. Mwaka 1807 Moira akaondoka ofisini, akaja mwingine, mchungaji akaambiwa akusanye vitu vyake aondoke. Jeshi lilikuja kutumia mfumo wa aina hiyo miaka 30 na zaidi baadaye, akapewa pauni 200 mwaka 1842 akiwa mzee wa miaka 70 na ushee, akafa mwaka uliofuata, na pauni 1,000 wakagawana ndugu zake. Ninachokiona hapo ni kwamba alikuwa na mlezi mmoja, basi. Hakuna ripoti iliyobaki mezani ambayo bosi mpya angelazimika kuisoma. Mkija kupata afisa mzuri anayewapenda, msifurahi mkalala, mwambieni aweke kila kitu kwenye karatasi yenye mhuri.

Kwa hiyo jibu langu kwa ufupi ni hili, msiombe hela ya majaribio. Ombeni kushuhudiwa. Hela kwenye ofisi inahitaji bajeti, kifungu, kikao, na mwaka wa fedha ukiisha mnaanza upya. Shahidi anahitaji barua na siku moja ya kazi. Ripoti ya ukurasa mmoja yenye saini ya injinia wa taasisi ya umma, inayosema "tuliona kifaa hiki kikirusha kamba umbali huu mara hizi, katika upepo huu", ina thamani kuliko barua zote mlizoandika mpaka sasa, na hiyo ripoti ndo inayokuja kuvuta hela baadaye.

Sasa mtashuhudisha nini wakati nimesema baruti iachwe? Hapa ndo naomba mzee anivumilie, maana najua wabunifu wanavyokipenda kitu chao. Kifaa cha mzee kina sehemu mbili. Kuna sehemu ya kusukuma, hiyo ni baruti. Na kuna sehemu ya kamba, yaani kamba inakaaje kwenye chombo chake, inachomokaje bila kujifunga, imeungwaje na kile kinachorushwa, kinachorushwa kina umbo gani kisimuue mtu unayetaka kumuokoa, na kikitua majini kinaelea au kinazama na kamba yote. Sehemu ya kwanza Wachina waliimaliza mamia ya miaka iliyopita, hakuna atakayempa mzee sifa kwa kusukuma kitu na baruti. Ubunifu wake, kama upo, uko kwenye sehemu ya pili. Na sehemu ya pili inaweza kujaribiwa yote kwa hewa ya kukandamizwa bila gramu moja ya baruti.

Sisemi kitu cha kufikirika. Duniani leo kuna vifaa vya kurusha kamba vya roketi na kuna vya hewa, vyote vinauzwa na vinatumika melini. Hewa nayo ina hatari zake, presha kubwa inaua, kwa hiyo hiyo kazi mfanye kwenye karakana yenye kompresa ya uhakika, geji na valvu ya usalama, chini ya fundi anayejua vyombo vya presha, msiunge mitungi ya gesi nyumbani. Lakini ukishahamia kwenye hewa ile Sheria ya Baruti haikuhusu tena, na mazungumzo yako na polisi yanakuwa mepesi sana, japo taarifa bado mtawapa kabla ya kurusha chochote, maana bomba ni bomba. Ofisi iliyokuwa inaogopa kusaini itasaini. Baadaye kabisa, kama itaonekana hewa haitoshi na lazima iwe roketi, hiyo roketi hatatengeneza mzee, itatoka kwa mwenye leseni. Nchi hii Shirika la Mzinga lililoko Morogoro, chini ya Wizara ya Ulinzi, ndo wenye ujuzi na ruhusa ya mambo hayo, na pale hufiki kwa kugonga geti, unafikishwa na taasisi nyingine kwa barua. Msianze na hao.

Mjue pia lengo ni namba gani. Meli zinazofuata mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini zinatakiwa ziwe na kifaa cha kurusha kamba chenye makombora yasiyopungua 4, kila moja lifikishe kamba mita 230 au zaidi hali ya hewa ikiwa tulivu, na kamba yenyewe ivumilie nguvu ya kilonewtoni 2 bila kukatika, yaani kama kuning'iniza mzigo wa kilo 200 hivi. Kifaa cha mzee siyo lazima kifike huko. Boti za uvuvi na za abiria za visiwani hazina bajeti ya vifaa vya meli kubwa, na kifaa cha mita 80 kinachotengenezeka Mwanza kwa spea za hapahapa kinaweza kuwa na maana kuliko cha mita 230 kinachoagizwa nje. Ila mzee aseme hivyo mwenyewe, aandike "kifaa changu ni cha mita kadhaa, cha boti ndogo", asiandike "kifaa cha kuokoa meli". Mkaguzi akikuta umedai kikubwa kuliko ulichonacho anafunga faili.

Na hapa niseme kitu kigumu kidogo kuhusu MV Nyerere. Kile kivuko kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kinakaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Naelewa kwa nini mzee aliwaza kamba, kilikuwa karibu na nchi kavu kama ile Snipe. Lakini kamba inamsaidia mtu ambaye chombo chake bado kiko juu ya maji na ana mikono ya kuifunga mahali. Chombo kilichopinduka ghafla watu wakiwa ndani, kamba haina wa kuipokea. Dawa ya yale ilikuwa idadi ya abiria na mizigo, na maboya. Kifaa cha mzee kina kazi nyingine kabisa na ni ya kweli: mtumbwi mashine imezima unasukumwa kwenye mawe, boti mbili zinataka kuvutana kwenye mawimbi na haziwezi kusogeleana, mtu yuko kwenye jabali na maji yamechafuka. Matukio ya namna hiyo wavuvi wanakutana nayo kila msimu wa upepo na hayafiki kwenye habari. Mzee akilijenga andiko lake juu ya hayo, akakusanya maelezo ya wavuvi wa mialo mitatu minne wakisaini kupitia BMU zao, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, ataeleweka. Akilijenga juu ya MV Nyerere, injinia wa kwanza kulisoma atauliza swali hilohilo nililouliza mimi, na mzee ataumia bure.

Sasa njia. Barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji muwe nayo, siyo kwa sababu ina nguvu, ni kwa sababu kila ofisi itaiuliza. Kisha SIDO mkoa wa Mwanza, hawa wanahudumia viwanda vidogo na mafundi tangu 1973 na wana uzoefu wa kukaa na mtu asiye na digrii bila kumdharau, waombeni karakana na fundi wa kukaa na mzee kwenye toleo la hewa. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndo wenye kazi ya kutambua wabunifu nchini, na kuna mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanza 2019 ambayo yana nafasi ya watu wa sekta isiyo rasmi, siyo wanafunzi tu. Miaka 74 haimzuii, ila angalieni tangazo la mwaka husika masharti yanasemaje.

Mtumiaji wa kifaa ni nani? Huyu watu wengi wanamsahau. Ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, wao ndo wanasimamia usalama wa vyombo vya majini, wanakagua boti na wanashughulika na uratibu wa utafutaji na uokoaji. Wakisema "hiki tungependa kukiona kikijaribiwa", hata kwa barua ya mistari mitatu, SIDO na COSTECH wanakusikiliza kwa sikio jingine. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, nacho kinafundisha mabaharia vifaa vya uokoaji, mtafute mkufunzi mmoja pale akusomee andiko kabla hujalituma, atakuonyesha makosa ambayo mimi wa migodini siwezi kuyaona.

Kabla hamjaonyesha mtu michoro, mwende BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, mkaulize kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, angalau ombi liingie na lipewe tarehe. Kumbuka Trengrouse na zile seti 20. Sitaki kumdanganya mzee kwamba hataza itamtajirisha, kwa soko la kifaa hiki sidhani, ila inazuia mtu kumwambia kesho kwamba hakuwahi kuwepo.

Siku ya kushuhudia ikipangwa, mkuu wa wilaya apewe taarifa mapema kwa maandishi, yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na nakala iende kwa OCD. Hata kama ni hewa tu. Mlio mkubwa ufukweni na watu wamekusanyika bila taarifa, mnajua wenyewe itakavyokuwa. Mrushe kuelekea majini pasipo na boti, muwe na mtu wa kupima umbali kwa kamba yenyewe yenye alama, na mrushe mara nyingi hata zile zitakazofeli muandike. Mzee atataka kuficha zilizofeli, mkatalie. Mkaguzi akiona karatasi ya mara 20 zote zimefaulu anajua amedanganywa, akiona 14 zimefika na 6 kamba ilijifunga, anajua anaongea na fundi.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Isiwe na neno silaha, bomu wala kombora, siyo kuficha, ni kwa sababu kifaa cha hewa cha kurusha kamba siyo vitu hivyo. Mistari ya mwanzo iseme tatizo, inayofuata iseme kifaa kinafanyaje na kimefika mita ngapi, na ombi liwe moja tu linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana: tunaomba mtume mtaalamu mmoja ashuhudie majaribio tarehe fulani Mwanza. Historia ya mzee ya jineri iwekwe, sentensi mbili zinatosha, inaonyesha mkono wake umetoka wapi. Yale malalamiko ya kutojibiwa yaondoe yote.

Na mzee asiwe peke yake kwenye karatasi. Tafuteni kijana wa ufundi, wa chuo au wa VETA, asaini naye kama msaidizi, ajifunze kila kiungo cha kile kifaa na achore. Ofisi inaogopa kuanza mradi na mtu mmoja wa miaka 74, hawatakwambia lakini wanaogopa. Kama wewe mwenyewe una mikono ya ufundi, kaa hapo.

Mwisho ile video uliyosema umeirekodi siku anafyatua shambani, usiirushe mtandaoni na usiitume kwenye magrupu ya WhatsApp, hata la ukoo. Hiyo ni video ya mtu anafyatua baruti bila kibali, sura inaonekana na shamba linaonekana. Muonyeshe wakili peke yake, na yeye ndo aamue kama OCD aione.